Nani Mgeni Katika Nyumba Hii?

Wakazi wa Kitale husimulia kwamba Kitale Club, klabu kongwe ya mji wao yenye uwanja wa gofu, ukumbi wa kulia chakula na vyumba vya kulala wageni, imesimama mahali palipokuwa kituo cha watumwa. Masimulizi hayo hutaja mduara wa mawe ambamo mateka walizuiliwa kabla ya safari kuendelea. Wanasema misafara ya karne ya 19 iliyotoka pande za Uganda na Mlima Elgon kuelekea Bagamoyo ilipumzika hapa. Wenye bunduki walipika wakala, wenye minyororo wakahesabiwa. Ina maana kwamba watu walilazwa mahali hapa muda mrefu kabla ya kuja mbao za sakafu na mashuka meupe. Kilichobadilika tangu hapo ni nani aliyelala kwa hiari yake.

Jambo hili hunijia kila ninapolala katika nyumba za zamani zilizofufuliwa na kufanywa hoteli, na katika nchi yetu nyumba hizo si chache. Yapo majumba ya walowezi kwenye miteremko ya Elgon, zipo klabu za miji ya nyanda za juu, ipo White Rhino kule Nyeri, ipo Norfolk ya Nairobi iliyofungua milango yake siku ya Krismasi ya mwaka 1904. Zipo pia zilizoachwa zikachakaa, kama Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa na kampuni ya chai ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Tunaposikia moja ya nyumba hizi imekarabatiwa, tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Hata hivyo ni vizuri tujiulize ni kitu gani hasa kimerudishwa.

Nikiri kwanza kwamba raha yenyewe ni ya kweli. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake huingia hadi kwenye mifupa. Ukiingia katika ukumbi wa zamani wenye meko ya mawe, kuni zikilia taratibu, miti ya mtarakwa iliyopasuliwa mbao karibu miaka mia moja iliyopita ikinukia kila joto linapopanda, mwili unatulia wenyewe. Mhudumu anakuja kwa hatua za pole, anasema, “Karibu mzee, tukuanzie na supu?” Nawe unajibu ndiyo kabla hujauliza ni supu ya nini. Meza imetandikwa kitambaa. Madirisha ni marefu, yaliyotengenezwa na mtu aliyejua kwamba jua la jioni la Trans Nzoia linastahili kutazamwa. Hakuna hoteli mpya ya vioo inayoweza kununua utulivu huo, kwa sababu umetengenezwa na muda, na muda hauna duka.

Lakini muda huo ulikuwa wa nani? Reli ya tawi kutoka Leseru ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukanawiri kama kitovu cha mashamba ya walowezi wa Kizungu. Kabla ya hapo, sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imewapa walowezi mikataba ya miaka 999 juu ya ardhi ambayo Wasabaot, Wabukusu na wafugaji wengine waliijua kwa majina ya mito na vilima vyake. Babu zetu waliolima na kuchunga katika ardhi hiyo walifanywa maskwota, watu wanaoruhusiwa kuwepo kwa sababu tu mikono yao inahitajika, na shingoni wakavikwa kipande, kitambulisho cha kazi.

Nimeifikiria sana hesabu hiyo ya miaka 999. Mgeni wa kawaida huandika kwenye kitabu cha mapokezi siku atakayoingia na siku atakayotoka. Kutoka ndiko kunakomfanya awe mgeni. Waswahili walilijua hilo waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: akikaa zaidi, basi naye afanye kazi ya nyumba, awe sehemu ya watu. Katika Nyanda za Juu za Wazungu mambo yaligeuzwa juu chini. Mgeni aliandika kwamba atakaa karne kumi kasoro mwaka mmoja, na siku ya tatu jembe akapewa mwenyeji. Ilihitaji Katiba ya mwaka 2010 kusema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya kwa zaidi ya mkataba wa miaka 99.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliliona jambo hili mapema. Katika andiko lake juu ya amani ya kudumu, mwaka 1795, alidai kwamba kila mwanadamu ana haki ya kufika katika nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni ya duara na hatuwezi kutawanyika mpaka tusikutane. Haki hiyo aliiwekea mpaka: ni haki ya kuzuru, si haki ya kukaa utakavyo. Kisha akayashutumu mataifa ya Ulaya ya wakati wake kwamba kwao kuzuru kulikuwa sawa na kuteka. Sidhani Kant aliwahi kusikia jina la Elgon, lakini aliyoyaandika yalitimia kwenye miteremko yake karne moja baadaye. Mwaka 1895 kikosi kilichoongozwa na Mwingereza Charles Hobley kiliwashinda Wabukusu kwenye ngome za Lumboka na Chetambe. Ukitoka Kitale ukapita Kiminini na Kamukuywa, ukateremka hadi Webuye, Chetambe iko pale juu ya kilima. Wengi wetu tunapita chini yake tukiwa na haraka ya kufika Bungoma kula chakula cha mchana.

Hoteli na klabu zilizokuja baada ya ushindi huo zilikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Kwa ndani zilikuwa mahali pa faraja: moto, muziki, barua kutoka kwao, mtu wa kuzungumza naye baada ya mwezi mzima shambani. Kwa nje zilikuwa mpaka. Mwafrika aliingia kupitia jikoni, na aliitwa boi hata kama ana wajukuu. Wakati mwingine mpaka huo ulilindwa kwa risasi. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika Nairobi kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa barazani mwa Norfolk nao wakafyatua. Mary Muthoni Nyanjiru, mmoja wa waandamanaji, aliuawa siku hiyo. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Baraza la hoteli, mahali palipojengwa ili watu wapumzike wakitazama nje, lilitumika kuwalenga watu walioko nje. Ilichukua hadi mwaka 1946 ndipo Nairobi ikapata United Kenya Club, ambako watu wa rangi zote wangeweza kuketi meza moja.

Basi nini maana ya mimi, mjukuu wa watu wa mlango wa jikoni, kuketi leo karibu na meko hayo na kuletewa supu?

Wapo wanaosema maana yake ni ushindi. Wao waliondoka, sisi tumeketi. Nauelewa utamu wa jibu hilo, ila halinitoshi. Kama ushindi ni kuketi tu pale alipoketi mlowezi, nikihudumiwa na kijana ambaye mshahara wa mwezi wake haungetosha kulala hapa hata siku chache tu, basi ni kiti kilichobadilisha mtu, nyumba ikabaki ile ile. Wapo wengine wanaosema tusiketi kabisa, kwamba kila ubao wa sakafu hizo ni dhuluma na ingekuwa heri zingeanguka zote. Hao pia sikubaliani nao. Mbao hizo zilipasuliwa na mafundi weusi na mawe yalichongwa na mikono ya watu wetu. Aliyelipia ujenzi ni mmoja, waliojenga walikuwa wengi. Ukiiacha nyumba ianguke kwa hasira dhidi ya mlowezi, unaangusha pia ushahidi pekee uliobaki wa ustadi wa fundi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kuna kitu kingine mezani kinachonipa wasiwasi juu ya majibu mepesi, nacho ni chakula chenyewe. Katika hoteli kongwe za sehemu hizi, orodha ya vyakula imebadilika kuliko kuta. Nyama ya kuokwa na kastadi bado zipo, lakini vinavyoagizwa ni ugali, kuku wa kienyeji, mrenda na sagaa. Tunapouona ugali mweupe kwenye sahani ya mlowezi tunahisi kwamba nyumbani kumeingia hotelini. Lakini mahindi ni mgeni kutoka Amerika, na Kitale ndiyo iliyomkaribisha mgeni huyo kwa kishindo. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa hapa mwaka 1956 kwa mahitaji ya wakulima walowezi, na mwaka 1964 mahindi chotara ya H611 yaliyotokana na utafiti wa Kitale yalianza kuwafikia wakulima, wadogo kwa wakubwa. Wazee wa Bungoma walikula ugali wa wimbi na mtama, mweusi na mzito. Mahindi yalikuja, yakapewa jembe, yakalimwa, na leo hakuna anayeyauliza yametoka wapi.

Hata lugha ninayoandikia makala haya ilikuja kwa njia hiyo ya misafara. Kiswahili kilipanda kutoka pwani midomoni mwa watu waliobeba vitambaa na shanga, na baadhi yao walirudi na pembe za ndovu na binadamu. Siwezi kuutazama mduara wa mawe wa Kitale nikadai kwamba mimi na lugha yangu tulikuwa upande mmoja tu wa mnyororo. Ndiyo maana swali la nani mgeni na nani mwenyeji, katika nchi hii ya mahindi, halijibiki kwa kunyoosha kidole mara moja.

Twende Bungoma, tuone mapokezi ambayo hayakujifunza kutoka kwa mlowezi. Ukifika katika boma la Kibukusu ukiwa mgeni wa heshima, kuku atachinjwa hata kama ni jioni na kuku mwenyewe ndiye jogoo wa mwisho. Hutaulizwa kama una njaa. Firigisi ina mwenyewe, na kuwekewa wewe ni tamko kubwa kuliko hotuba. Mama mwenye nyumba atakaa mahali ambapo anaona sahani yako ikipungua. Ukiwa umefika wakati wa pombe, mrija unapitishwa kwenye chungu kimoja, na anayekunywa pamoja nawe hawezi tena kukuita mtu wa mbali. Hakuna bili. Utalipa siku ambayo wao watapita kwenu, au siku mtoto wao atahitaji mahali pa kulala mjini, au hutalipa kabisa, na hakuna atakayeandika deni. Mgeni njoo mwenyeji apone ni methali ya pwani, lakini nimeiona ikitendwa Kimilili na Chwele kwa ukamilifu ambao pwani wenyewe wangeuheshimu.

Ukilinganisha na hayo, hoteli inaonekana kitu baridi: unalala, unakula, unalipa, jina lako linafutwa kwenye ubao wa funguo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukarimu wa kweli uko bomani tu, na kwamba hoteli ni biashara iliyojivika nguo za ukarimu. Siamini hivyo tena, na sababu iko kwenye swali ambalo boma huuliza kabla ya kuku kuchinjwa.

Boma huuliza: wewe ni mwana wa nani? Ni swali la upendo. Anayeuliza anatafuta uzi wa kukufunga nao, pengine mama yako ametoka ukoo wao, pengine babu zenu walitahiriwa mwaka mmoja. Lakini swali hilo hilo limeulizwa barabarani usiku na watu wenye mapanga. Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon zinajua. Katika mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, majirani walioshirikiana mavuno walichomeana nyumba kwa sababu ya jibu la swali hilo. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mgogoro wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, na watu wa Mlima Elgon waliuawa, wakakatwa masikio, wakahamishwa. Operesheni ya jeshi ya Machi 2008 ilipokuja, nayo iliacha vilio vyake. Pale ambapo ukarimu wote unategemea kujulikana kwako, asiyejulikana hana pa kulala.

Hoteli, kwa asili yake, haiulizi wewe ni mwana wa nani. Inauliza jina ili iliandike, na utalala siku ngapi. Msabaot, Mbukusu, Mturkana aliyepanda kutoka Lodwar, Mgikuyu aliyekuja kununua mahindi, Mganda aliyevuka Suam, wote wanapewa funguo kutoka kwenye ubao mmoja, na asubuhi wanakunywa chai kwenye ukumbi mmoja bila mtu kuwajibika kueleza ukoo wake. Ubaridi huo ambao niliudharau ni aina ya heshima. Unasema: hatukujui, na bado utalala salama. Katika eneo lililomwaga damu kwa sababu ya kujuana na kutojuana, hiyo ni ahadi kubwa, na hoteli ya kawaida ya stendi ya Bungoma, yenye chai ya maziwa, chapati na matumbo, huitimiza kila siku bila kupigiwa makofi.

Hapa ndipo nilipoielewa dhambi ya hoteli za walowezi. Uzuri wake haukuwa kosa, wala meko, wala kitambaa cha meza. Kosa ni kwamba zilijiita nyumba za wageni, nyumba za kumpokea asiyejulikana, kisha zikasimamisha mlinzi mlangoni kuuliza swali moja tu, na jibu lilikuwa kwenye ngozi. Zilitoa ahadi ya hoteli na kuitimiza kwa rangi moja. Kwa hiyo kuzikarabati kwa haki ni kuitimiza ahadi ile ambayo zenyewe ziliivunja. Rangi mpya ukutani ni mwanzo. Yanayofuata ni magumu zaidi: angalau sahani moja ya chakula kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi ya Kiminini anaweza kuimudu, siku moja ya juma ambayo bustani iko wazi kwa watoto wa mji, mhudumu anayelipwa kiasi cha kumwezesha kuja na familia yake kama mteja.

Na kuna ukarabati wa kumbukumbu. Nimeona jinsi kazi hii inavyofanywa: huanzia mbele. Baraza linasuguliwa, sakafu inapigwa nta, picha za walowezi na farasi wao zinatiwa fremu mpya. Nyuma, vile vyumba vidogo walimolala wapishi na watunza bustani vinabomolewa kupisha maegesho. Vyumba vile navyo ni historia. Mpishi aliyeamka saa kumi usiku kuwasha jiko aliishi katika nyumba hiyo kwa saa nyingi kuliko mwenye nyumba. Tukihifadhi chumba cha aliyehudumiwa tukabomoa cha aliyehudumu, tunarudia ule mpangilio wa zamani kwa mikono yetu wenyewe, safari hii bila kulazimishwa na mtu.

Kule Zanzibar, mwisho wa njia za misafara ya bara, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Mwaka 1998 iliwekwa hapo sanamu iliyotengenezwa na msanii Clara Sörnäs: watu wamesimama ndani ya shimo, wakiwa na minyororo shingoni. Wageni hulala jirani kabisa na hapo, hunywa chai, huenda kuitazama sanamu ile, kisha hurudi mezani wakiwa kimya zaidi. Hakuna biashara iliyokufa kwa sababu hiyo. Mgeni mwenye akili hupenda kuambiwa amelala wapi.

Kitale ina uwezo wa kufanya vivyo hivyo. Makumbusho yake, ya kwanza nje ya Nairobi na pwani, yalifunguliwa mwaka 1974 kutokana na mkusanyiko ulioachwa na mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, na leo yana nyumba za jadi za jamii za eneo hili kwenye viwanja vyake. Yaani mji huu umeshawahi kupokea urithi wa mlowezi na kuufanya useme habari za watu wengine. Kilichofanyika makumbusho kinaweza kufanyika hotelini.

Ninawaomba wenye nyumba hizi, wawe wanachama wa klabu, wafanyabiashara au kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, waweke ubao wa maandishi kwa Kiswahili, Lubukusu na Kisabaot, waandike palikuwa nini kabla ya nyumba, nani alichonga mawe, nani alipika. Wawatafute wazee waliofanya kazi humo wangali hai, wawarekodi, wawakaribishe chakula cha mchana kupitia mlango wa mbele. Nawe msomaji, ukipata safari ya Kitale, lala, ule vizuri, umshukuru mpishi kwa jina lake. Kabla ya kulipa bili, omba uonyeshwe yale mawe.